Madaktari wa Runinga Hawaulizi Choo

Nimestaafu kufa. Mgongo umekataa. Kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu nimekuwa mgonjwa wa kuigiza kwenye tamthilia za runinga, na kwa kuwa ninyi vijana mnaorithi vitanda vyetu mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, nimeketi hapa mtaa wa Huruma kwenye meza yangu ya kulia, redio nimeizima, niandike. Cheo sikuwahi kupandishwa, kwa hivyo hapo hatutachelewa. Nitakaa zaidi kwenye ile tamthilia ya wanafunzi wa udaktari, kwa sababu ndiyo iliyonilisha miaka mingi, na ndiyo iliyokaribia kumharibia maisha msichana wa jirani yangu, mimi mwenyewe nikiwa nimelala katikati yake nimefunikwa shuka.

Siku ya kwanza nilikwenda mtaa wa Fedha, kwenye jengo lililokuwa shule ya chekechea kabla halijafungwa. Hilo ndilo lililokuwa hospitali kuu na chuo cha udaktari kwa pamoja. Kuta zake zilichorwa wanyama, nasi tulitundika mashuka ya kijani kuwafunika. Mashuka hayakufika juu. Ukivitazama vizuri vipindi vya mwanzo utaona kichwa cha twiga kikichungulia kila upasuaji, na kwa maoni yangu yule twiga alikuwa makini kuliko madaktari wote.

Mwelekezi alikuwa kijana mwenye kofia. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Mzee, ushawahi kuugua?"

"Malaria."

"Sahau malaria. Malaria haionekani kwenye kamera."

Nikakabidhiwa kwa Mzee Kilonzo, ambaye alikuwa amekufa katika tamthilia nyingi kabla yangu na akaheshimiwa kwa hilo. Alinilaza kitandani, akanisimamia kama fundi anayekagua mlango uliopinda.

"Kamera iko wapi?"

"Kushoto."

"Basi fia kushoto. Ukifia kulia umekufa bure."

Hilo lishikeni, bado linafaa. Alinifundisha pia kwamba vidole hufa mwisho, kwamba pumzi hufichwa tumboni wala si kifuani, na kwamba mgonjwa hapaswi kamwe kumaliza kutaja jina la aliyempa sumu. Ukimaliza, kipindi cha wiki ijayo hakipo na watu wote wanarudi nyumbani. Nilimpenda sana yule mzee. Nilichokosea ni kumwamini kwamba huko ndiko kuugua kulivyo.

Vifaa vyetu mngevicheka. Damu ilikuwa maji ya bitiruti yenye sukari, nzuri kwa rangi, lakini nzi waliijua kuliko watazamaji. Mashine ya moyo ilikuwa sanduku la redio mbovu lenye taa, na ile sauti ya tii, tii, tii ilitolewa kwa mdomo na mwenzangu Odera akiwa amejificha nyuma ya pazia. Siku moja alishikwa na kwikwi. Mwelekezi hakutaka kurudia picha, kwa hivyo waandishi wakatunga ugonjwa mpya wa moyo, ukaendelea vipindi kadhaa. Odera huyo huyo ndiye aliyetupa picha ya eksirei, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kupigwa. Ilikuwa ya goti. Goti la Odera limekuwa mapafu, limekuwa ubongo, na mara moja lilikuwa mapacha.

Utaalamu wake hasa ulikuwa degedege. Sijaona mtu anayetetemeka vizuri kama Odera. Alianza na jicho, akaja kwenye mguu, akamaliza na povu, na waigizaji wenye majina makubwa walikataa kulala kitanda cha jirani kwa sababu hakuna ambaye angewatazama.

Sasa kuhusu wale wanafunzi wenyewe. Sikuwahi kumwona hata mmoja ameshika kitabu. Siku ya kwanza chuoni walivaa makoti meupe yaliyopigwa pasi, siku ya pili walipasua ubongo, siku ya tatu walipendana. Walikuwa wakikimbia daima. Ukumbi wetu ulikuwa mfupi, kwa hivyo walikimbia wakatokea mlango wa nyuma, wakazunguka choo cha watoto, wakaingia tena mbele, na kwenye runinga ikaonekana hospitali ndefu sana yenye watu wanaofanana. Profesa alirusha faili mezani kila alipokasirika, na alikasirika kila alipoingia. Habari mbaya ikija, daktari alivua miwani polepole, akatazama mbali, akasema, "Tutafanya kila tuwezalo." Ukiona miwani inavuliwa, ulijua umeanza kuhesabiwa na wafu.

Nyumbani, ghorofa moja chini yangu, aliishi na bado anaishi Mama Saumu, anayeuza mahamri na mbaazi penye ngazi. Asili yao ni pwani, na watoto wake wamelelewa kwa adabu hadi inatia wasiwasi. Binti yake Saumu alikuwa akija kwangu kutazama tamthilia, kwa sababu runinga yao ilitekwa na kaka zake na mpira. Alhamisi ananiona nimekufa, Ijumaa ananiona nanunua mahamri kwa mama yake, na hilo lilimfanya aniheshimu kupita kiasi.

"Babu, madaktari wako hivyo kweli?" aliniuliza akiwa na magoti yenye vumbi.

"Hivyo hivyo," nikamwambia. "Mimi ninafanya kazi nao."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nikaitumia kujipamba. Mtoto akakua na neno langu, akasoma kama mtu anayefukuzwa, akaingia chuo cha udaktari, na ngazi nzima ikanipongeza mimi. Nikapokea.

Mwaka huu, ile ngazi ikawa kimya. Mama Saumu alipanda akagonga mlango wangu, mikono ina unga.

"Njoo uongee na mjukuu wako. Ameanguka mtihani, na mimi haniambii."

Nilimkuta Saumu kwenye kochi, amekumbatia koti lake jeupe. Mama yake alipotoka, akanieleza. Ulikuwa mtihani wa vitendo: unaingia chumbani, kuna mtu anayeigiza mgonjwa, mwalimu amekaa pembeni, nawe unamhoji mgonjwa mpaka ujue anaumwa nini. Angepewa nafasi ya kurudia mara moja tu. Akianguka tena, mfadhili anayemlipia anajitoa, na udaktari unaishia pale.

"Sasa ulikosea wapi?"

"Alikuwa mzee wa rika lako, Babu. Tumbo. Nilimuuliza yote. Nikafika kwenye choo, ulimi ukakauka."

"Choo gani?"

"Choo, Babu. Kinaendaje. Kigumu, chepesi, rangi gani."

Nikageuka nikaangalia dirishani.

"Unaona?" akasema. "Hata wewe unaangalia dirishani. Mimi nimelelewa na Mama. Mzee huwezi kumuuliza hata kama ana njaa, unamwandalia tu. Sasa nimuulize choo? Na wale madaktari wako miaka yote ile, nani aliwahi kuuliza?"

Nikatafuta kichwani. Wagonjwa walikuwa wameulizwa kuhusu urithi, kuhusu mapenzi ya siri, kuhusu baba zao halisi. Choo, hapana.

"Basi ukafanyaje?"

"Nilinyamaza. Nikaona mwalimu anatazama saa. Nikaogopa, na nikiogopa kitabu chote hutoka, hubaki nilichokiona nikiwa mtoto." Akafunika uso. "Nikavua miwani polepole. Nikamwambia, 'Mzee, jipe moyo. Tutafanya kila tuwezalo.'"

"Mwalimu akasemaje?"

"Akasema mzee amefunga choo tu, na mimi nimeshamzika."

Ningecheka kama si mimi niliyemfundisha. Nikamwambia nina deni kwake, na kwamba kama anahitaji mzee wa kuuliza choo, mzee yuko ngazi moja juu na hana kazi wiki hiyo.

Tukaanza mazoezi kwenye kochi langu, nikiwa nimejifunika leso. Vijana, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Kuugua kidogo ni kipaji ambacho sisi wa runinga hatuna.

"Leo tumbo linakuuma tangu jana," Saumu aliniambia. "Basi. Usiongeze kitu."

"Limekuwa likiniuma tangu jana."

"Pole. Linauma wapi?"

"Hapa."

"Na choo kina..." akameza mate. "Na choo..."

Nikaona aibu inakuja kama mvua ya upande, nikafanya ninachojua kufanya. Nilishika kifua, nikatoa pumzi, nikafia kushoto.

"Babu, umekufa tena."

"Umeniuliza vibaya."

"Nimekuuliza kama ilivyo kwenye kitabu."

"Basi kitabu hicho hakina adabu."

Kutoka penye ngazi ikaja sauti ya mama yake. "Saumu! Unamuuliza nini Babu wa watu?"

"Ninasoma, Mama!"

"Soma mambo mengine!"

Siku zilizofuata alijaribu kuzunguka. Aliniuliza kama kule uani mambo ni salama, nikamwambia sisi wa ghorofa hatuna uani. Aliniuliza kama chakula kikiingia kinapata njia, nikamwambia njia ipo ila ina mashimo, kama ya kwetu hapa. Kila akikaribia, mmoja wetu alikimbia: yeye alirudi kwenye homa, mimi nilirudi kaburini. Mtihani ulikuwa unakaribia na bado nilikuwa sijamaliza hata ugonjwa mmoja nikiwa hai.

Kilichotuokoa si akili yangu. Siku hiyo alikuwa amechoka, hakusimama juu yangu kama daktari wa runinga. Alivuta kigoda akakaa, uso wake ukawa chini ya wangu, akasema, "Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

"Nitakuuliza jambo la aibu, kwa sababu nataka upone. Choo kinaendaje?"

Nikasikia nimeombwa, wala sikuvuliwa nguo. Nikamjibu nikimtazama usoni.

"Kigumu, mwanangu. Na hiyo si kuigiza."

Akaniandalia mapapai. Tangu siku hiyo tulifanya mazoezi vizuri, nami nikajifunza kuumwa tumbo na kubaki nimeumwa tumbo.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo ni la mtu mwenye nia njema na kichwa kinachovuja. Katikati ya mazoezi yale nilipigiwa simu na mama mmoja wa chuo hicho hicho. Alisikia kwamba mimi ni mtu wa kulala vitandani, akataka nije niigize mgonjwa kwenye mtihani wa kurudia. Nikamwambia siwezi, mtahiniwa mmoja ni kama mjukuu wangu, haitakuwa haki. Nilijisikia mtu mwadilifu sana. Kwa wema huo huo nikampa namba ya Odera. Saumu sikumwambia kitu, nikaona kumwambia ni kumwibia mtihani. Lakini pia Odera sikumwambia kitu. Nilisahau kumwonya kwamba kule hawataki mchezo.

Siku ya mtihani Odera alifika kwangu mchana akiwa na kinyongo na harufu ya dawa ya meno.

"Omera, ndugu yangu, wamenifukuza," akasema, akaketi bila kukaribishwa. "Nimewapa kazi ya maana, wamenifukuza."

Moyo ukaanza kunienda mbio bila tii, tii ya mtu yeyote. "Umewapa kazi gani?"

"Yule mama aliniambia nishike tumbo tu, niseme linachoma. Nikaona, huu si mchezo ni uvivu. Basi akaingia mtahiniwa wa kwanza, msichana mfupi, hijabu ya samawati..."

"Yenye maua pembeni?"

"Yenye maua. Unamjua?"

"Endelea."

"Nikaanza na jicho."

"Odera, hapana."

"Nikaenda mguu. Halafu nikatoa povu."

"Povu!"

"Nilibeba dawa ya meno mfukoni. Mimi ni mtu wa kazi. Mwalimu akaanza kupekua makaratasi yake, maana yeye ameandikiwa tumbo na anaona kitanda kinatembea."

Nilikaa kitako sakafuni. Yule binti, nikawaza, ameogopa, kitabu kimetoka chote, sasa hivi anavua miwani. Na aliyempangia hayo yote ni mimi, mara ya kwanza kwa kujipamba na mara ya pili kwa kusahau. "Akavua miwani?" nikamuuliza.

"Miwani ya nini? Alinigeuza ubavu, akakunja koti lake akaniwekea chini ya kichwa, akasogeza meza nisijigonge. Halafu akangoja. Hakuna kelele, hakuna 'tunampoteza', hakuna mtu wa kukimbia. Wewe unajua degedege lilivyo gumu bila mtu wa kupiga kelele? Nilitetemeka mpaka nikachoka. Nikafungua jicho moja."

"Halafu?"

"Amevuta kiti, amekaa. Ananiambia, 'Shikamoo, baba. Nitakuuliza jambo la aibu, kwa sababu nataka upone. Choo kinaendaje?'"

"Ukasemaje?"

"Nilifufuka, omera!" Odera alisimama kunionyesha. "Kwa aibu. Nilikaa wima nikavuta shuka mpaka hapa shingoni. Mtoto wa watu, ananitazama, ameuliza kwa heshima. Nikatoa jibu: cheusi, kama lami. Yule mama alinifundisha jibu hilo, eti ndilo linaloonyesha tumbo linavuja damu, ila akaniambia nisilitoe mpaka mtu aulize. Basi msichana akaendelea kuuliza taratibu, dawa gani nimemeza, kama nimetapika. Nikajibu kama mtu kanisani. Kengele ikalia. Alipotoka, mwalimu akaniambia waliobaki wanahitaji mgonjwa, si sarakasi."

Nikamweleza yule msichana ni nani. Odera akaketi tena, akaanza kujifuta dawa ya meno iliyobaki kidevuni.

Saumu alirudi baadaye akakaa kwenye ngazi kando ya sufuria ya mbaazi. Niliteremka nikamwambia yote, tangu ile simu, mbele ya mama yake, maana nilijua nikichelewa nitapata sababu ya kutosema.

"Wewe ndiye uliyemtuma yule?" Saumu akainuka. "Babu! Amezeeka, sikumtambua, nilidhani anakufa kweli! Nimesahau hata jina la mwalimu!"

Mama Saumu aliweka mwiko chini, na kwa jinsi alivyouweka nilielewa kwamba alikuwa amefikiria kuutumia vingine. "Mwanangu akianguka," akaniambia, "usinunue kwangu tena. Nenda ukale mkate."

Nilikula mkate hadi matokeo yalipotoka, na nilistahili. Sikujua, wala Saumu hakujua, kama mwalimu angehesabu mtihani ulioanza na degedege na kuishia na choo. Nilikutana naye kwenye ngazi kila asubuhi, akanisalimu kwa adabu yote, na adabu hiyo iliniuma kuliko matusi.

Halafu asubuhi moja nilisikia vigelegele vimepanda ngazi hadi juu, na kabla sijavaa viatu mlango ulikuwa umefunguliwa na sahani ya mahamri imewekwa mezani. Amefaulu. Mwalimu alimwambia kwamba mtu anayeweza kuuliza choo katikati ya fujo ile atamuuliza yeyote. Mama Saumu alinitazama kwa jicho lisilosamehe kabisa, akasema, "Kula. Lakini yule rafiki yako anayetoa mapovu mlete nimwone."

Kwa hivyo Jumapili Odera alikuja, amenyoa, amevaa koti la harusi. Tuliketi kwao, mbaazi mezani, na runinga ikawashwa kwa heshima ya wageni. Ilikuwa tamthilia mpya, hospitali halisi yenye ukumbi mrefu, hakuna twiga. Mwanafunzi wa udaktari aliyevaa viatu virefu alikuwa amefungua fuvu la mtu.

"Saumu!" mama yake akamwita kutoka kwenye kochi. "Njoo uone wenzako! Huyu yuko mwaka wa kwanza na tayari anapasua ubongo. Wewe ndiyo unamaliza, na bado unazunguka wodini unauliza wazee choo!"

Saumu alikuja na chai, bado amevaa koti la wodi. Alisimama akatazama skrini, yule mgonjwa akiwa amefumba macho na watu wote wakikimbia juu yake.

"Na huyo amelala hapo tangu saa ngapi, Mama? Kuna mtu amemuuliza?"

Odera aliweka kikombe chini. Alikuwa akimtazama mgonjwa wa kwenye runinga kama unavyomtazama mtu wa kwenu uliyemkuta ugenini.

"Binti yangu," akasema, "mimi nimelala kwenye vitanda hivyo ujana wangu wote. Wakishakupaka damu huruhusiwi kuinuka mpaka picha iishe. Kila siku, nikifa, nilikuwa nimebanwa na mkojo. Madaktari wote wale, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza."